Umejifungua salama, sasa utazungumza na nani?

Wageni walipokuja kumwona mtoto, nyumba ilijaa hadi wengine wakaketi kitandani. Walileta unga wa uji, sukari, sabuni, blanketi mbili na jogoo aliyefungwa miguu. Waliomba, wakaimba, wakapokezana mtoto, wakala wali kwa njahi, na ilipotimu saa kumi na moja jioni wakaenda kutafuta matatu kabla giza halijaingia. Jumatatu asubuhi nilibaki mimi, mtoto na beseni la nepi.

Hapo palikuwa Ruring'u, mjini Nyeri, katika nyumba za kupanga, mwezi wa Julai ambapo ukungu hukataa kuondoka na nepi hukaa kambani siku mbili bila kukauka. Mume wangu alifanya kazi Nairobi. Alifika Jumamosi jioni na kuondoka Jumapili alasiri. Mama yangu alikaa nami wiki mbili, kisha akarejea Mukurwe-ini, kwani ng'ombe hawamngoji mtu kwa kuwa amepata mjukuu. Kufikia wiki ya nne nilikuwa nikimvizia muuza maziwa mlangoni, si kwa haja ya maziwa, bali nimsikie mtu mzima akisema neno.

Sikumwambia mtu. Ningesema nini? Mtoto alikuwa mzima, mimi nilikuwa nimejifungua salama, na chakula kilikuwamo nyumbani. Mwanamke anayelia katika hali kama hiyo, nilidhani, ni mtu asiye na shukrani.

Tangu wakati huo nimezungumza na kina mama wengi wa miji hii inayouzunguka Mlima Kenya, kutoka Karatina na Kerugoya hadi Nanyuki na Meru, na nimegundua kuwa wengi wao walikuwa na wiki ya nne kama yangu. Kliniki humuuliza mzazi kuhusu mshono, damu na maziwa. Ni nadra aulizwe: mama, mchana unazungumza na nani? Swali hilo ni la afya kama lilivyo swali la chanjo, na hasa kwa mwanamke aliyepata mtoto wake wa kwanza.

Vigelegele vitano, vigelegele vitatu

Zamani katika nchi ya Agikuyu, mtoto wa kiume alipozaliwa wanawake walipiga vigelegele vitano, na wa kike vitatu. Aliyekuwa shambani ng'ambo ya mto alihesabu akajua. Kisha wanawake wakaja na itega, yaani zawadi za kumpelekea mzazi: kuni, unga, ndizi, uji uliochachuka ndani ya kibuyu. Njahi zikapikwa kwa imani, ambayo ingali na nguvu hadi leo, kwamba huongeza maziwa. (Wataalamu wa lishe watakwambia kwamba kinachoongeza maziwa hasa ni mtoto kunyonya mara kwa mara. Lakini mzazi aliyeshiba njahi ni bora kuliko mzazi mwenye njaa, kwa hivyo usimkatalie mama mkwe sahani yake.)

Tunapoisifu mila hii huwa tunasahau kwamba zawadi zilikuwa sehemu ndogo tu. Jambo kubwa ni kwamba walioleta zawadi hizo walikaa karibu. Mke mwenza, mke wa shemeji na binti wa jirani walikuwa umbali wa kuitana, na kati yao hakukosekana mwenye mtoto mgongoni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa kwa wastani watoto 8 maishani mwake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wastani huo umeshuka hadi 3.9, na Kirinyaga, hapa kwetu mlimani, ikawa ya chini kabisa nchini kwa 2.3. Utafiti wa 2022 ulipata 3.4 kwa nchi nzima.

Hakuna anayetaka kuturudisha kwenye watoto wanane. Lakini mabadiliko hayo yamekuja na jambo ambalo hakuna aliyelipangia. Katika ploti ya vyumba kumi na viwili mjini, huenda wewe ndiwe pekee unayenyonyesha. Dada zako ni wawili. Mmoja yuko Thika na mwingine amekwenda kufanya kazi Qatar. Jirani wa mlango wa pili huondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi usiku, na hamjawahi kuambiana majina.

Itega ingaliko, lakini imekuwa jambo la siku moja. Siku hizi pia kuna sherehe ya kumwandaa mama kabla hajajifungua, yenye keki, baluni na picha nyingi. Sina ugomvi nayo. Najiuliza tu kwa nini wanawake ishirini waje Jumamosi moja, badala ya kuja wawili wawili kwa wiki kumi.

Na si kwamba wanawake wa huku hawajui kupanga zamu. Katika miaka ya 1960 na 1970 vikundi vya mabati vilienea katika wilaya za Mkoa wa Kati: kila mwanachama alitoa kidogo alichonacho, na kwa zamu nyumba ya kila mmoja ikavuliwa nyasi na kuezekwa mabati. Mwaka 1977 Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, alianzisha Green Belt Movement, na nguvu yake ikawa vikundi vya wanawake wenye vitalu vya miche. Waliopokezana mabati na miche watashindwaje kupokezana saa moja ya mchana kukaa na mzazi mpya?

Si uvivu

Wengi wanaposikia habari za mzazi anayelia husema amedeka, au mvivu, au ana mambo ya kiroho yanayohitaji kuombewa. Ni vyema tuelewane hapa.

Kati ya siku ya tatu na ya tano baada ya kujifungua, wanawake wengi hulia bila sababu wanayoweza kuitaja. Homoni za mimba zimeshuka ghafla, maziwa yanaingia, usingizi hakuna. Hali hii hupita yenyewe ndani ya wiki mbili hivi, na dawa yake ni kupumzika na kuwa na mtu wa kusaidia.

Ikiwa huzuni inaendelea baada ya wiki mbili hizo, basi huenda ni jambo jingine: mfadhaiko wa baada ya kujifungua. Mama hapati usingizi hata mtoto anapolala. Chakula hakimpendezi. Anajilaumu kwa kila kitu, hamfurahii mtoto, au anaona kwamba mtoto angekuwa heri kama angelelewa na mtu mwingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua ulimwenguni hupatwa na ugonjwa wa akili, hasa mfadhaiko, na katika nchi zinazostawi idadi hiyo hukaribia asilimia 20. Hao ni mmoja kati ya watano. Likiwapo benchi la kliniki lenye kina mama kumi, kadiria wawili.

Chanzo chake si kimoja. Umaskini umo, ugomvi na kupigwa nyumbani umo, na aliyewahi kuugua mfadhaiko kabla ya kuzaa yumo hatarini zaidi. Lakini jambo linalorudi tena na tena katika tafiti za nchi mbalimbali ni kukosa mtu wa kumtegemea. Sisemi kwamba upweke pekee humwangusha mtu, wala kwamba rafiki ni dawa ya kila kitu. Nasema kwamba aliye na rafiki huonekana mapema anapoanza kuzama.

Mama mzazi na mama mkwe wana ujuzi ambao hakuna kitabu kitakupa, nao ndio watakaokufundisha kumwogesha mtoto na kumpangusa kitovu. Taabu ni kwamba kumbukumbu yao ya usiku wa wiki ya sita imefutika. Wanakumbuka kwamba watoto wao walilala. Mwanamke ambaye mtoto wake amelia jana usiku kuanzia saa saba hadi saa kumi na moja alfajiri hakuhadithii ya zamani. Yuko palepale ulipo.

Rika la kliniki

Mwanamke huyo anapatikana wapi? Kwa maoni yangu mahali bora ni benchi la kliniki, na hesabu yake imo ndani ya kile kijitabu cha mama na mtoto ulichopewa ulipokuwa mjamzito.

Tazama ukurasa wa chanjo. Mtoto akizaliwa hupewa matone ya polio na ile sindano ya kifua kikuu inayoacha kovu kwenye mkono wa kushoto. Kisha hurudi akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Akitimiza miezi 6 hupewa vitamini A, na ya surua huja miezi 9 na tena miezi 18. Maana yake ni kwamba wanawake waliojifungua wiki moja na wewe watarudi wiki moja na wewe, mara tatu katika miezi mitatu na nusu ya kwanza. Agikuyu husema riika, Waswahili husema rika, na ni neno moja: waliopitia jambo moja kwa wakati mmoja. Watoto hawa ni rika la sindano, na mama zao ni rika pia, ila hakuna aliyewaambia.

Tena wengi wenu mlikuwa wodi moja. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 82 ya watoto nchini huzaliwa katika vituo vya afya, ilhali mwaka 2014 walikuwa asilimia 61. Mmelala vitanda vinavyopakana mkisikiana mkilia, na kesho yake kila mtu akaruhusiwa aende kwao. Wachache huulizana hata majina.

Nami sikuuliza. Wiki ya sita nilifika kliniki nikiwa nimemfunga mtoto kwa shali mbili na kofia ya sufu, nikaketi mwisho wa benchi. Mwanamke aliyekuwa kando yangu alimtazama mtoto wangu, akatazama macho yangu mekundu, akauliza kama huyo wangu hulala usiku. Nikasema halali. Akasema wake pia halali, na kwamba alikuwa amedhani ni yeye peke yake asiyejua kulea. Tulicheka hadi nesi akatugeukia. Mtoto wake aliitwa Wangui, kwa hivyo yeye akawa Mama Wangui, na nakiri kwamba ilipita miezi mitatu kabla sijajua jina lake mwenyewe. Ndivyo urafiki huu ulivyo. Mtu humjua mwenzake kwa jina la mtoto.

Wiki mbili baadaye titi langu la kushoto lilivimba, likawa gumu, jekundu na la moto, nami nikatetemeka kwa homa chini ya blanketi tatu. Nilifikiri ni baridi ya Nyeri. Nilikuwa nimeshaamua kumnyima mtoto titi hilo ili lipoe. Mama Wangui alipiga simu kwa jambo jingine kabisa, nikamweleza, naye akaniambia kwamba alikuwa ameugua hivyohivyo, niende hospitali siku hiyohiyo na nisiache kunyonyesha upande ule. Daktari alisema neno kwa neno kama yeye: titi lililovimba kwa uambukizo linahitaji dawa, na linahitaji kunyonywa, maana maziwa yakikwama ndani huweza kugeuka usaha. Ningekaa siku mbili zaidi, pengine ningepasuliwa.

Sikupata rafiki huyo kwa ujanja. Aliniuliza swali, nikajibu ukweli. Msomaji anayeona haya kuanza anaweza kuanza na lolote lililo mbele yake: uzito wa mtoto, kofia ya mtoto, foleni isiyosonga. Lisilofaa ni lile jibu letu la adabu kwamba tu wazima, tunashukuru Mungu, hali mtu hajalala siku tatu. Mmoja akikubali kusema kwamba ni vigumu, mwenzake hupumua.

Waliokwisha kujaribu

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1956 wanawake saba wa Franklin Park, karibu na Chicago, Marekani, walianza kukutana majumbani kwao ili kusaidiana kunyonyesha, wakati ambapo madaktari wengi wa huko walipendelea maziwa ya chupa. Kutoka kwao kikazaliwa chama cha La Leche League kilichoenea katika nchi nyingi. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipotoa hatua kumi za kufanikisha unyonyeshaji mwaka 1989, hatua ya kumi ilisema kwamba vikundi vya kina mama vianzishwe, na mama anapotoka hospitalini aelekezwe huko. Wizara yetu ya Afya nayo inahimiza vikundi vya aina hiyo vijijini kupitia wahudumu wa afya ya jamii.

Mfano wa karibu uko magharibi mwa Kenya. Mwaka 2012, katika kaunti ya Busia, kilianzishwa kikundi kilichoitwa Chama cha MamaToto. Wajawazito na wazazi wapya walikutana mara mbili kwa mwezi pamoja na mhudumu wa afya ya jamii, wakafunzwa habari za uzazi na malezi, na mwishoni wakachangishana akiba kama chama chochote kile. Watafiti walipolinganisha, waliona kwamba zaidi ya wanawake 8 kati ya 10 wa chama hicho walijifungulia kituoni, wakati kwa wasiokuwa wanachama walikuwa karibu nusu. Walionyonyesha bila kumpa mtoto kitu kingine hadi miezi sita pia walikuwa wengi zaidi. Bila shaka wanaojiunga na chama kwa hiari huenda tangu mwanzo ni watu wa bidii, kwa hivyo tusiseme chama kilifanya yote. Lakini tofauti ni kubwa.

Kuhusu mfadhaiko wenyewe, utafiti unaotajwa sana ulifanyika mashambani karibu na Rawalpindi, Pakistan, na kuchapishwa mwaka 2008. Wanawake waliokuwa na mfadhaiko walitembelewa nyumbani na wahudumu wa afya wa kijijini, si madaktari, waliofunzwa jinsi ya kuzungumza nao. Baada ya miezi sita asilimia 23 ndio waliokuwa bado wagonjwa, ikilinganishwa na asilimia 53 ya waliotembelewa kwa njia ya kawaida. Baadaye kazi hiyo ilipopewa kina mama wa kawaida wa kijiji kilekile, nchini Pakistan na India, faida ilionekana lakini ikawa ndogo, na si katika kila kipimo. Naona hilo ni funzo la haki: jirani anasaidia, na jirani aliyefunzwa anasaidia zaidi.

Kila mji na mama wake

Miji yetu haifanani. Mwanamke anayeuza nyanya sokoni Karatina hurudi kibandani mtoto angali mchanga sana, na taabu yake kuu si upweke. Mwenye kibanda cha pili humshikia mtoto akihudumia mteja, na yeye humshikia wa mwenzake kesho. Anachokosa ni usingizi. Kwa kweli nimeona upweke mwingi zaidi kwa mwalimu au karani wa benki anayekaa kwenye fleti yenye lango, maji ya bomba na televisheni kubwa. Hakuna anayebisha mlango wake kuomba chumvi.

Nanyuki ni mji wa kambi na wageni. Mke wa mwanajeshi ametoka Kakamega au Kitui, hana shangazi mlimani, na mume anaweza kupelekwa kazini mbali mtoto akiwa na mwezi mmoja. Huko Kiswahili ndicho kinachounganisha benchi, na nimeona urafiki wa Mmeru, Mturkana na Mborana ambao haungezaliwa mahali pengine popote. Waislamu wa Majengo, mjini Nyeri, wana arobaini yao, siku arobaini za mzazi kupumzika na kuhudumiwa, na sioni kwa nini sisi wengine tusijifunze kwao.

Kisha kuna msichana wa chuo. Nyeri ina Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi na kile cha Karatina, na vyumba vinavyowazunguka wanafunzi hao vina baadhi ya wazazi wapweke kuliko wote. Wenzake wako darasani, nyumbani kwao wamekasirika, naye anaogopa benchi la kliniki kwa sababu wanawake wakubwa humtazama kidole kama kina pete. Ukimwona mwisho wa benchi, sogea karibu naye.

Wiki ya kumi na nne

Urafiki wa kliniki una adui mmoja, nayo ni kalenda. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya miezi mitatu yenye mshahara kamili. Hesabu mwenyewe: miezi mitatu ni wiki kumi na tatu. Chanjo ya wiki ya 14 humkuta mwenye kazi amerudi ofisini, na mtoto hupelekwa kliniki na yaya. Baada ya hapo wengi hawarudi hadi miezi sita au tisa, ingawa mtoto anapaswa kupimwa uzito kila mwezi. Rika linatawanyika. Kwa hivyo chukua nambari ya simu mapema, wiki ya sita ikiwezekana, na wiki ya kumi uwe umemwalika mtu chai. Si lazima nyumba iwe safi. Nyumba ya mwenye mtoto wa wiki kumi ikiwa safi sana, mgeni wake huingiwa na hofu.

Anayerudi kazini ajue pia kwamba Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa mama kunyonyesha au kukamua maziwa. Kudai haki hiyo mkiwa wawili ni rahisi kuliko ukiwa peke yako.

Baba naye anayo sehemu yake. Sheria inampa likizo ya wiki mbili. Ikiisha, zawadi kubwa anayoweza kutoa ni kumshika mtoto saa mbili za Jumamosi, mama amwendee rafiki yake bila kubeba mfuko wa nepi.

Pale rafiki anapoumiza

Sitaki kuwadanganya wasomaji kwamba kila mama mwenzako atakufaa. Wapo wanaogeuza benchi kuwa mashindano: wangu ameketi, wako je? Wangu ana meno mawili. Mzazi wa mara ya kwanza huenda nyumbani akilia kwa meno mawili ya mtoto wa mtu. Vipimo vya Shirika la Afya Duniani vilivyotolewa mwaka 2006 vinaonyesha kwamba watoto wazima huketi bila kushikiliwa kati ya miezi 4 na 9 hivi, na hutembea wenyewe popote kati ya miezi 8 na 18. Nafasi hiyo ni kubwa, na mtoto wako huenda yumo ndani yake. Akiwa nje yake, mwonyeshe muuguzi, si benchi.

Wapo pia wanaoshauri mtoto wa miezi mitatu apewe maji, uji mwepesi au dawa za kienyeji ili alale. Mtoto ahitaji maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi sita, na aliyekushauri vingine kwa nia njema bado amekosea. Makundi ya simu ni mazuri saa nane za usiku, unapotaka kujua kwamba kuna mwingine aliye macho. Lakini si mahali pa kuandikiwa dawa. Na mchango wa fedha usiwe wa kwanza. Nimeona vikundi viwili vikivunjika kwa shilingi mia mbili kabla watoto hawajaanza kutambaa.

Liko jambo moja ambalo rafiki halifai kulibeba peke yake. Katika wazazi 1,000, mmoja au wawili hupatwa na ugonjwa mkali wa akili, mara nyingi katika wiki mbili za kwanza: mama halali kabisa, anasema mambo yasiyoeleweka, anasikia sauti, au anaamini mtoto si wake. Mwingine, bila dalili hizo, anaweza kukwambia kwa sauti ya kawaida kwamba afadhali afe, au kwamba anaogopa atamdhuru mtoto. Usimkemee na usiahidi kutomwambia mtu. Usimwache peke yake na mtoto, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo, usiku au mchana.

Kwa ule mfadhaiko wa kawaida, kliniki inaweza kumuuliza maswali kumi yaliyotungwa Edinburgh na kuchapishwa mwaka 1987, ambayo hutumiwa katika nchi nyingi, kisha ikamwelekeza kwa mshauri au muuguzi wa magonjwa ya akili katika hospitali ya kaunti. Hutibika kwa mazungumzo, na panapohitajika kuna dawa ambazo daktari anaweza kumpa mama anayenyonyesha. Shida ni safari ya kwanza. Mwenye hali hiyo hutaka kwenda kesho, na kesho akataka wiki ijayo. Pita kwake asubuhi, mbebe mtoto wewe, chukua kile kijitabu kilichoko juu ya kabati, mpande matatu pamoja.